Mguu Uliochorwa Italia

Al Mansoura, Doha
Agosti 2014

Kwamboka mpenzi,

Karibu tena Doha. Joto ni lile lile. Nashinda getini na buti zangu za usekuriti, jioni tunapigania AC chumbani. Rafiki yako Terry amenifikishia viatu ulivyoniletea kutoka Italia. Asante.

Picha pia nimeziona. Kumbe Madam wako akikupa ofu huko Italia, unapanda milima kama mtalii! Vijiji vya mawe, duka la vyungu, duka la mfumaji, aiskrimu mkononi. Unacheka vile sijakuona ukicheka tangu Pasaka. Fabian, mpishi wenu, haonekani hata kwa picha moja, kwa hivyo ndiye aliyeshika simu. Ni sawa. Mimi sina wivu.

Ulinisimulia kwa simu habari za yule mzee anayeshona viatu: kwamba hagusi ngozi kabla mtu hajavua soksi na kukanyaga karatasi, achorewe mguu. Kazi safi sana hiyo.

Lakini siku hiyo mguu wangu ulikuwa hapa, ndani ya buti. Najua utasema uliazima wa Fabian ili nisikose zawadi. Nakuamini.

Ila viatu vimenipwaya, Kwamboka. Vidole vyangu havifiki mwisho. Miaka mitatu umenijua, na ulipomtazama Fabian amesimama pale juu ya karatasi, uliona huo ndio mguu wangu.

Nimemrudishia Terry viatu. Mpe mwenye mguu.

Wako, kama bado,
Wesley