Nafula Amekuwa Kijani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti limepoa? Na hilo joto la Malindi linakuacha ulale? Mimi mwili mzima, ila moyo umechafuka. Mvua ya Kakamega hainipi shida tena na ugali nishauzoea. Ni hii kazi ya kufundisha uhandisi inayonitia kichefuchefu, na sina wa kumwambia ila wewe.

Chuo kimeleta programu ya kompyuta inayohesabu kila mwanafunzi amefungua masomo mara ngapi kwa simu yake. Anayefungua sana hupakwa kijani, asiyefungua hupakwa nyekundu. Tuliambiwa itatuonyesha nani amekwama ili tumsaidie mapema. Niliipenda, wallahi. Kumbe wakubwa waliona panga la kufyekea watu.

Nina mwanafunzi wa umeme, Nafula, kwao ni Buyangu kule msituni. Darasani hakuna anayeuliza maswali kama yeye. Kompyuta ikampaka nyekundu, na mkuu wa idara akataka aondolewe kwenye kozi.

"Huyu hasomangi," akaniambia. "Angalia mwenyewe, ako nyekundu."

Nikamwita Nafula.

"Mwalimu, mimi nasomanga! Kwetu mtandao inasumbuanga. Jumatatu nachukuanga masomo yote kwa simu nikiwa hapa, halafu nasomea nyumbani."

Nikampelekea mkuu maelezo hayo. Hakuinua hata kichwa. Akasema kama nataka msichana abaki, nihakikishe amekuwa kijani kufikia Ijumaa. Nikamweleza Nafula hivyo hivyo.

Na hao wa kijani, Mama! Wanamwachia mwenzao mmoja simu zao, anakaa nje ya ofisi penye mtandao akizigusagusa moja moja kama anageuza chapati, wenyewe wako uwanjani kwenye mpira. Nimewaona kwa macho yangu. Niliposema, nikaambiwa nisiiharibie idara sifa. Uchafu mtupu!

Ijumaa Nafula akawa kijani. Mkuu akanipongeza mbele ya walimu, wakanipigia makofi.

Nilipotoka nikamkuta Nafula mlangoni, mikono mitupu.

"Asante, mwalimu. Simu nimewaachia wale wenzangu wa kijani, ikae nao huku kwa mtandao. Lakini sasa nitakuwa nasomea wapi?"



Nisalimie shangazi mpika mikate, na dada na wanawe. Na yule mdogo wangu anayejiandaa kuja kusomea uhandisi hapa kwangu, mwambie asije.

Mwanao akupendaye,
Athmani