Wananiita Breki, Sasa Naambiwa Nisimame Nyuma

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijaomba uhamisho. Mimi ni muuguzi wa wodi ya magonjwa ya akili, mwili ninao, na wenzangu walinibatiza Breki kwa sababu mgonjwa akicharuka ninaitwa mimi, hata nikiwa chooni, na nilikuwa najivunia, sikufichi, mpaka juzi fundi cherehani mmoja, mgonjwa mpole siku zote, alipopandwa na hasira kwa kunyimwa simu akaanza kupiga meza, nikakimbia nikasimama katikati ya mlango nikamfokea, “Tulia hapo hapo!”, naye akanirukia, tukaanguka chini wote wawili, mimi nikateguka mkono, yeye akavunjika jino, na sasa mkuu wa wodi, badala ya kunipa pole, anasema vurugu zikianza nikae nyuma aongee muuguzi mwenzangu, dada mmoja mwembamba ambaye upepo tu unaweza kumbeba, wenzangu wananicheka, mke wangu anataka niache kazi, na Jumatatu narudi kwa fundi yule yule. Kosa langu nini? Nilikuwa nawalinda watu!

Breki

Breki, pole kwa mkono. Fundi naye pole, maana kwenye barua yako sijaona ukimpa hata moja.

Hebu kaa mahali pake. Kichwa kinawaka moto, unataka kutoka, na mlango pekee umezibwa na jitu linalofoka. Ungepita wapi, baba? Na hao wenzako wanaokucheka nawashangaa, kazi ya watu wanne wamekutwisha wewe kisha wanakaa kutazama.

Jumatatu, kabla ya zamu, kaeni mpangane: nani ataongea, nani atawatoa wagonjwa wengine, nani ataita msaada. Aongee mmoja tu, kwa sauti ya chini, na huyo dada anaiweza. Wewe simama kando, mkono wa mgonjwa usikofika, mlango uwe wazi kwake na kwako. Akishika kitu cha kuumiza, tokeni. Kumshika mtu ni hatua ya mwisho kabisa, tena ya timu iliyofundishwa. Kurudi nyuma si woga, bwana, ni kazi.

Kisha mkuu wa wodi amuulize fundi kama yuko tayari kukuona. Akikubali, keti, umwambie, “Nilikuzibia njia, nisamehe.” Akikataa, subiri.

Uhamisho usiombe. Ukihama na mtindo huo utamvunja mwingine meno huko, na fundi atabaki akiamini muuguzi ni mtu wa kupigana naye.