Maficho ya Mdiria

MAELEZO YA SHAHIDI
Kuhusu: Mtu aliyepotea
Shahidi: Mke wa aliyepotea, maarufu kama Mama Lenzi
Umri: Miaka 66
Kazi: Mstaafu, zamani mshonaji wa shuka za hospitali
Makazi: Nyumba ya kona, nyuma ya tangi la maji

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Natoa maelezo haya kwa hiari yangu, ingawa ningependa tuzungumze huku tunatembea.

Aliyepotea ni mume wangu, mstaafu, zamani msoma mita za maji. Mtaani wanamwita Mzee Nyamaza, maana akiona ndege hata mgeni wa heshima anaambiwa anyamaze. Tangu tustaafu kazi yetu ni kupiga picha za ndege na wadudu. Tuna mchezo wetu: kila mmoja ana maficho yake, na mwenzake haambiwi yalipo. Jioni tunaonyeshana picha tu, tunatambiana mpaka chai inapoa. Kwa hiyo ukiniuliza mume wangu huenda wapi asubuhi, sijui. Usinitazame hivyo, afande. Ndiyo raha yetu.

Leo Jumanne, majira ya saa kumi na mbili asubuhi, aliondoka nyumbani. Mimi goti limevimba tangu Jumamosi, sitoki. Jana nililalamika kutwa nzima kwamba makinda ya mdiria wangu, yule ndege mvua samaki, yatatoka shimoni nisiyaone. Asubuhi akasema, "Niazime kamera yako, ile yenye lenzi ndefu." Nikamuuliza ya nini. Akasema, "Mambo yangu hayo." Nikampa, akaniachia yake. Simu aliiacha mezani kama kawaida, eti ikilia ndege wanaruka.

Aliahidi kurudi saa nne tunywe chai. Saa nne ikapita. Saa sita nikazunguka kwa majirani na goti langu hili. Saa nane nikaja hapa. Moyo hautulii hata kidogo, na wewe unaniuliza jinsi ya kuandika "mdiria".

Umeniomba picha yake ya karibuni. Jamani! Tuna maelfu ya picha za ndege, na ya mume wangu sina hata moja. Ninaitafuta humu kwenye kamera yake huku unaandika. Kipepeo. Kipepeo tena. Mjusi.

Ngoja. Huyu ni mimi. Nimechutama kando ya mfereji, nyuma ya kiwanda cha zamani cha matofali, napiga picha shimo la mdiria. Na hapa mimi tena, na ile kofia niliyoipoteza mwaka jana. Kumbe mtu mzima huyu alikuwa ananifuata! Maficho yangu aliyajua siku zote, na jioni alikaa akajifanya kushangaa.

Afande, amekwenda kwa mdiria wangu. Amekwenda kunipigia yale makinda. Hizi picha zote amezipiga akiwa upande wa huku, hajawahi kuvuka. Pale panavukwa kwa ubao mmoja, na ubao wenyewe umeoza katikati. Mimi huwa naruka hapo katikati. Sikumwambia, kwa sababu ningemtajia ubao ningekuwa nimemtajia na mahali. Chini ni mawe matupu. Acha kuandika, mwanangu. Inuka twende.

Niliyoyajua ndiyo hayo. Mengine tutayakuta huko.

Saini ya shahidi: (ametia akiwa amesimama)

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika mimi, konstebo wa zamu. Shahidi alikataa kukaa asomewe. Tulifika mferejini saa tisa alasiri. Ubao ulikuwa umekatika katikati, nusu imebaki ukingoni. Aliyepotea tulimkuta chini, yu hai, mguu umevunjika, kamera ameikumbatia kifuani. Shahidi alitutangulia sote. Mumewe alipomwona ukingoni alipaza sauti: "Simama hapo hapo, mke wangu! Usikanyage ubao, umeoza!"

Shahidi alijibu, "Najua." Kisha akaketi chini, akalia.