Nimeapa Simshiki Mjukuu Mpaka Aitwe Faraji

Mpendwa mshauri, naomba msaada ingawa mtaani kwetu mimi ndiye huwa naombwa, shule niliiacha mapema lakini hakuna seremala anayenifikia, uliza yeyote kama kiti changu kimewahi kuvunjika. Shida ni mke wa mwanangu mdogo. Amejifungua mtoto wa kiume, nami kabla hajazaliwa nilishamtengenezea kitanda na kuchonga FARAJI kwa patasi, herufi nene, maana ndilo jina langu, na la mwanangu mkubwa, na la wajukuu watatu, tena ni jina la heshima, mama yangu alikaa miaka bila mtoto akisemwa na mawifi, nilipozaliwa mimi midomo ikafungwa, ndipo akaniita Faraji. Sasa mkwe ananiambia, "Baba, nikiita Faraji njoo ule mnakuja watano, na wewe ndiye wa kwanza mezani! Wangu nataka nikimwita aje yeye." Kitanda changu anawekea nguo za kupiga pasi. Nikaapa simshiki mtoto mpaka apewe jina langu, na mimi nikisema nimesema. Sasa kila mtu anambeba, hata muuza maziwa, mimi nasikia sauti tu kupitia dirisha la karakana. Nimfanyeje mkwe akubali? Unijibu upesi, wanasema mtoto ameanza kucheka na watu.

Jibu

Mzee wangu, hongera kwa mjukuu, na pole kwa kiapo ulichojitwisha mwenyewe. Jina lako zuri, sibishi. Limetoka kwenye Kiarabu tukalifanya letu, na maana yake ni nafuu baada ya dhiki, ndiyo maana wazazi waliongoja sana wanalipenda. Lakini mkweo katoka kujifungua juzijuzi tu, na dhiki yake ya kwanza ni wewe! Mama yako alikuchagulia jina kwa machungu yake mwenyewe. Mwache na huyu achague. Halafu wewe unachonga jina kabla mtoto hajaja, je, angekuwa binti?

Kuchekwa utachekwa, vumilia. Leo hii mwombe mwanao akuletee kitanda karakanani, upige randa hizo herufi mpaka zifutike. Nawa vumbi la mbao, bisha hodi, sema, "Mwanangu, nimekuja kumwona mgeni wetu, anaitwa nani?" Akikutajia, litamke hilohilo, usiongeze neno, nyoosha mikono. Na uangalie, mzee, shingo yake bado laini: kiganja kimoja kikae nyuma ya kichwa.