Baba, Barasa Anahama

Al-Mahjar, Jeddah

Kwa Baba,

Nakusalimu kwa heshima, ingawa leo heshima yenyewe naivuta kwa kamba. Mguu wako unaendeleaje? Mama naye, kifua kimetulia? Mimi ni mzima, ila nina hasira nawe. Barua hii anaileta Mwanaisha, mwenzangu anayerudi nyumbani, kwa hivyo mara hii hutaweza kunikatia simu.

Usishangae kuona Jeddah. Mwezi uliopita bosi aliingia jikoni kule Riyadh akasema, "Yalla, funga nguo. Unaenda kwa dada yangu, Jeddah." Basi. Huyo ndiye kafili, mdhamini wangu; ndiye aliyeshika ikama yangu, kibali cha kukaa huku, ndiye anayeamua nilale mji gani. Hapa nafulia watu tisa, na madam bado hajui jina langu.

Wiki hii mwanao Barasa amenipigia kutoka Amerika akilia. Mwanaume mzima, Baba, na shingo ile nene ya kucheza mpira wao wa kofia ngumu! Ameshapata digrii, na amebakiza msimu mmoja wa kucheza. Kule mchezaji akihama chuo hukaa nje mwaka mzima, lakini aliyehitimu anaruhusiwa kwenda kwingine, asomee digrii ya pili na aingie uwanjani mara moja. Wenzake kadhaa wameshaondoka. Yeye amekalia benchi misimu miwili, na sasa kuna chuo kinachomtaka. Jibu ni Ijumaa.

Nikamwambia, "Si uende! Unangoja nini?"

"Baba amekataa. Ati coach alikula firigisi kwetu."

Firigisi! Kocha huyo alipokuja Kakamega kumchagua Barasa kwenye raga, ulimtengea firigisi ya jogoo kama mgeni wa heshima, ukamwambia, "Huyu sasa ni mtoto wako mpaka amalize." Mzungu wa watu aliitafuna akiangalia mlango, hakujua hata anakula nini. Sasa unamfunga mwanao kwa kipande cha kuku? Kocha mwenyewe ameleta vijana wawili wapya wa kucheza nafasi ya Barasa. Je, alikuuliza?

Mimi pia ulinitolea neno hivyo hivyo kwa wakala wa kazi za Uarabuni, mmekaa sebuleni, mimi niko jikoni nawachemshia chai. Nilinyamaza, na hilo najilaumu mwenyewe. Leo nikiomba kuhama, kafili hunijibu "Mafi, mafi," yaani hakuna, kabla sijamaliza kusema. Barasa hana kafili. Ana wewe tu, na inaniuma kuandika hivyo.

Nisalimie Mama, na shangazi anayenilelea binti yangu, na babu wa jirani anayekusomea magazeti.

Barua hii ikikufikia, Ijumaa itakuwa imepita. Jana nilimpigia Barasa nikamwambia nimeongea nawe na umembariki aende. Akauliza, "Kwani Baba amesema hivyo, kweli?" Nikasema ndiyo.

Atakupigia kukushukuru. Pokea simu, Baba, na uitikie.

Binti yako,
Nekesa