Tumebomoa Sebule ya Babu wa Watu

Mpendwa Shangazi mshauri, naomba msaada wako na tafadhali usinicheke, maana wa kunicheka ninaye tayari, ni mwenzangu ninayelala naye chumba kimoja. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nimekuja huku nje ya nchi na wenzangu kujitolea kukarabati nyumba ya kale inayotaka kugeuzwa makumbusho, na nyumbani mama ameshatangaza mtaa mzima kwamba bintiye ameitwa ng'ambo kuokoa historia, basi siku ya kwanza mkuu wetu wa kazi, mama mmoja mkali anayeshinda juu ya paa, akatunyooshea kidole kutoka huko huko juu, "Nyie wawili, sebuleni, lipu yote iliyooza ing'oke!" tukabeba nyundo na patasi tukaingia. Shangazi, nyumba za mtaa huu zimeshikana ukuta kwa ukuta, milango inafanana kama pacha, na mwenzangu, tunayemwita Injinia ingawa anasomea muziki, alitangulia kwa kujiamini mpaka nikaona aibu kuuliza.

Ndani tulimkuta babu mmoja amevaa kandambili na sweta, akatutazama, akazitazama nyundo, nikamwambia kwa lugha yao ninayoibabaisha, "Babu, tumekuja kwa ajili ya ukuta," naye akasema, "Hatimaye!" akatusaidia kusogeza kochi. Nikadhani ni mlinzi wa makumbusho. Tukagonga wiki nzima, yeye akituletea chai na kutuonyesha pa kugonga, na kila mkuu akipiga kelele kutoka juu, "Sebule vipi?" tunamjibu dirishani, "Inaendelea!" naye anaridhika.

Jana nikatumwa ngazi, nikapita mlango wa uani wa nyumba ya pili, nikakuta sebule imetandikwa turubai, ndoo za chokaa zimepangwa, ukuta haujaguswa hata kwa ukucha. Kumbe makumbusho ndiyo hiyo. Nikarudi mbio kwa babu nikamuuliza hii nyumba ni ya nani.

"Yangu."

"Mbona hukutuzuia?"

"Niwazuie kwa nini? Kila nikiongea na mwanangu namwambia ukuta unameza maji, atafute mafundi. Nilijua siku moja atawaleta. Ana shughuli nyingi yule, lakini hajanisahau." Halafu akanishika mkono, "Na chumba cha juu mtaanza lini?"

Shangazi, nikamwambia nakuja, nikatoka kumtafuta Injinia. Injinia anasema tupake chokaa harakaharaka tupotee, lakini Ijumaa wageni wanakuja kuiona sebule ya makumbusho, na babu anakula chakula chake kwenye vumbi huku akimsifia mwanawe kwa kila anayepita. Nikisema ukweli namvunja moyo, nikinyamaza namwachia matofali matupu. Nifanye nini?

Ni mimi, Mkono Mwepesi.

SHANGAZI ANAJIBU:

Mkono Mwepesi, nimecheka. Nisamehe. Nimecheka mpaka mhariri akaja kuchungulia, halafu nimefika kwa yule babu na mwanawe, kicheko kikakatika.

Wewe mwanangu una mdomo, una lugha mbili na ushee, na umeshindwa kuuliza swali moja, "Samahani, hapa ndipo?" Ukamfuata mpiga muziki mpaka ndani ya nyumba ya watu! Na sasa unamwomba huyo huyo ushauri wa chokaa. Hapana. Matofali matupu mkiyafunika na chokaa, mvua ya kwanza itawaumbua, na atakayeloa si nyinyi.

Leo hii mwite mkuu wenu. Mwambie ashuke kwanza. Usimpe habari kama hii akiwa juu ya paa, tusije tukawa na msiba. Akishuka, mpeleke mpaka mbele ya ukuta, umwambie wewe mwenyewe, bila "tulidhani" na bila kumsingizia Injinia. Atafoka. Mwache afoke. Akimaliza, mwombeni kundi zima ligawanywe: nusu wakimbizane na Ijumaa, nusu wamalizie kwa babu mpaka lipu mpya ikauke. Wageni wakikuta kazi nusu, waambieni kwa nini. Makumbusho yanaweza kungoja, mzee hawezi kula vumbi.

Babu naye usimfiche. Unafikiri unamlinda, kumbe unamwacha ajisifie kitu ambacho hakipo, na siku mwanawe akipiga simu akasema, "Mafundi gani?" atajionea aibu peke yake, nyinyi mmeshapanda ndege. Kaa naye kwenye hilo kochi, mwambie: "Babu, hatukutumwa na mwanao. Tumekosea mlango, na tunaumalizia ukuta." Ataumia. Usikimbie, usimjazie maneno matamu, kaa hapo hapo mpaka aseme yeye. Na usidiriki kumtafuta huyo mwana umkaripie, hayo ni ya baba na mtoto. Ila ukimsikia babu anataka kumpigia, mshikie simu, mpige picha akiwa mbele ya matofali amtumie mwanawe. Huenda kijana hakuwahi kuelewa "ukuta unameza maji" maana yake nini. Akiona, aje mwenyewe ashike ndoo.

Chumba cha juu msikiahidi.

Umesoma mpaka hapa bado umelala? Weka simu chini, mwanangu, vaa viatu utoke.