Watoto Wanne Mbele ya Karatasi

Mpendwa Mama,

Kuna swali ambalo nimeshindana nalo tangu kabla hujafariki, na ambalo kazi yangu ilipaswa kunisaidia kulijibu. Mtu mzee anapoacha kulitaja jambo, tutajuaje kama limemtoka akilini au ameamua kulinyamazia? Nikiliweka hivyo linaonekana kama swali la darasani. Kwangu mimi lina jina, nalo ni Byamungu, kitindamimba wako. Ninataka kujua kama siku ile ya maswali ulikuwa umemsahau.

Hukuwahi kuniuliza kwa kirefu ninachofanya Lilongwe. Uliwaambia majirani wa kambi ya Dzaleka kwamba mtoto wako anatafuta ugonjwa wa kusahau ndani ya damu, na mpaka leo sijapata maelezo bora kuliko hayo. Ubongo unapoanza kuharibika, baadhi ya protini zake huvuja kidogo kidogo hadi kwenye damu, mara nyingi kabla watu wa nyumbani hawajaona chochote. Tunachukua damu ya wazee wa mitaa ya Likuni, Mchesi na Biwi, tunawapa na maswali ya kumbukumbu, kisha tunatazama kama damu na majibu vinaelekea upande mmoja. Damu peke yake haitoshi. Figo zilizochoka zinaweza kupandisha kiwango cha protini zilezile, na viwango tunavyolinganishia vimetokana zaidi na watu wa nchi nyingine, walioishi maisha mengine. Kwa hiyo tunayategemea sana majibu.

Dalili ya kwanza, kama ilikuwa dalili, niliiona kwenye shati. Unakumbuka kibaraza chetu, na cherehani uliyoielekeza barabarani ili asipite mtu bila wewe kumwona. Ulikuwa unashona sare za kwaya kwa ajili ya Pasaka, na shati la Papa Elie, yule wa sauti ya besi, ukalitoboa matundu ya vifungo pande zote mbili. Alikuja amelivaa hivyohivyo, kifua nje, akasimama mbele yako.

"Mama Faida, hii chemise itafungwa na maombi?"

"Njo mode ya Bukavu," ulimjibu bila kuinua macho, kana kwamba ndio mtindo wa huko. "We hujafika kule, utajulia wapi?"

Alicheka hadi akatafuta benchi la kukalia. Nawe ulicheka, kisha ukakata kitambaa kingine na kuanza upya. Mimi nililiweka tukio hilo akilini kama ushahidi. Leo sina hakika lilikuwa ushahidi wa nini. Mtu anayeshona sare za kwaya nzima anaweza kukosea shati moja, na mwenye akili inayofifia hapati mzaha wa haraka namna ile. Au hupata. Nimekutana na wazee waliopoteza majina ya wajukuu huku mzaha wao ukiwa bado unakata kama wembe. Hoja zote mbili zina nguvu, na siwezi kuchagua mojawapo kwa sababu tu inanituliza.

Mradi ulipofika kambini, hukusubiri kuombwa. "Kama unachukuaka damu ya bamama ba bengine," uliniambia, "yangu iko na makosa gani?" Utaratibu haukuniruhusu kukuuliza maswali mwenyewe. Muuguzi kutoka Lilongwe aliuliza kwa Kichewa, na mchungaji wa kanisa lako, yule Mrundi, akawa mkalimani. Mimi nilikaa nje kama ndugu wa mhojiwa, nikingoja zamu yangu, kwa maana baadhi ya majibu ya mzee hulinganishwa na ya mtu anayemjua.

Niliambiwa baadaye kwamba siku uliijua, kwa kuwa ilikuwa siku ya mazoezi ya kwaya. Maneno ya kukariri uliyarudisha yote isipokuwa moja. Kisha ukaulizwa umezaa watoto wangapi na majina yao. Ulisema bane, yaani wanne, ukatutaja mmoja mmoja kwa utulivu. "Zikomo, amayi," muuguzi alikushukuru, akaandika. Nilipoingia mimi na kuulizwa swali hilohilo, nilijibu watano. Muuguzi aliinua macho kutoka kwenye karatasi yake, na hapo ndipo nilipoelewa kilichotokea. Au nilidhani nimeelewa.

Wanaoisoma barua hii hawakuwa nasi, Mama, hivyo niruhusu niwaeleze. Byamungu alifariki njiani tulipokuwa tunakimbia kutoka Kongo, na tulimzika kando ya njia kabla ya mpaka wa kwanza. Ulipoandikishwa kuwa mkimbizi kwa mara ya kwanza ulisema watoto watano. Afisa aliuliza wa tano yuko wapi, ukamweleza, akaomba cheti cha kifo. Ulirudishwa mwisho wa foleni. Mwanamke wa Fizi aliyekuwa mbele yako aligeuka, akakuambia taratibu: "Mama, sema bane. Ukisema batano, batakuomba karatasi ya ule wa tano, na ule hana karatasi." Ulipofika tena dirishani ulisema bane, na tukapita.

Tangu hapo tukawa na hesabu mbili. Kanisani, akina mama walipojitambulisha, ulikuwa mama wa watoto watano. Mbele ya mtu yeyote mwenye kalamu, ulikuwa mama wa wanne. Kabla ya kila mahojiano ulitukalisha mkekani ukatufundisha majibu kama wengine wanavyofundisha sala, ili lisibadilike hata neno moja, kwa sababu katika ofisi zile, bureau kama ulivyoziita, jibu lililobadilika lilihesabiwa kuwa uongo. Familia ngapi za Dzaleka zina hesabu mbili kama sisi, sijui. Nadhani si chache. Nilipoomba nafasi ya chuo, nami niliandika kwamba nina ndugu watatu.

Nilimwendea mchungaji. Alikujua kama mama wa watano kwa miaka yote, na bado alitafsiri wanne bila kusita. Hakuona cha kueleza. "Yeye alisema bane, mi nikasema bane," alinijibu. "Mbele ya karatasi siongezaki mutoto wa mutu."

Jioni ile nilikukuta unachambua sombe, majani ya muhogo. Nilikaa karibu nawe, nikauliza kana kwamba ni jambo la kupitisha wakati.

"Mama, tuko bangapi?"

Uliniangalia. Kitambulisho cha mradi kilikuwa bado kinaning'inia shingoni mwangu. "Bane," ulisema.

Nilikivua, nikakiweka nyuma yangu, nikauliza tena. Ulitupa bua kando kabla ya kujibu.

"Kuuliza mara mbili ni kazi ya bantu ba bureau. We uko mutoto wangu, ao uko wa bureau?"

"Niko mutoto wako."

"Njo ulete maji."

Nilileta maji. Sikuuliza mara ya tatu, na mvua zilipoanza, presha ilikuchukua.

Nimeyageuza maneno yako kila upande. Inawezekana ulikuwa mzima kabisa, na uliona mbele yako mtu mwenye kitambulisho, ukajibu kama mtu mwenye kitambulisho anavyojibiwa. Inawezekana jina lilikuwa limeondoka na hasira ile ndogo ilikuwa pazia. Wazee wengi hulivuta pazia hilo swali linapowashinda. Lipo na wazo la tatu, ambalo nalifikiria kwa shida: kwamba ulisema wanne mara nyingi mno, kwa uangalifu mno, hadi wanne ikawa kweli. Ikiwa ni hivyo, ukimya ulifanya kazi ya ugonjwa, na hakuna protini tunayoipima inayoacha alama ya jambo hilo.

Msimamizi wangu aliniuliza jibu lako lihesabiwe kosa au liachwe. Nilishauri lisihesabiwe kosa, nikamweleza habari ya hesabu mbili, naye alikubali. Sababu zangu zilikuwa nzuri. Hata hivyo nimejiuliza kama ningezitafuta kwa bidii ileile kwa ajili ya mama wa Biwi nisiyemjua, na jibu ninalolipata hubadilika kutegemea nimeamkaje.

Damu yako imekwishapimwa pamoja na ya wengine. Msimamizi alisema nikitaka nitaambiwa kiwango chako, kwa kuwa sasa hakiwezi kuathiri kazi. Sijakiomba. Si kwa woga tu, ingawa woga upo. Kikiwa juu, kitaniambia kwamba kitu kilikuwa kinaharibika, au kwamba figo zako zilikuwa zimechoka na presha. Hakitaniambia kilichopita akilini mwako jioni ya sombe. Kikiwa chini, bado nitajiuliza. Nimejifunza kutafuta alama za kusahau, na katika mtu niliyemjua kuliko wote sikuweza kuzitenganisha na alama za kukumbuka vizuri mno.

Kwa hiyo swali linabaki wazi, na sababu yake naijua. Shahidi alikuwa mmoja, naye nilimwendea nikiwa nimevaa kitambulisho, kitu kilekile kilichomfundisha kunyamaza. Nilikivua mbele ya macho yake, lakini alikuwa amekwisha kukiona.

Cherehani yako iko kwa mdogo wangu Furaha, pale pale kibarazani, imeelekea barabarani. Papa Elie bado huvaa shati ulilomshonea upya, na bado huwaeleza watu kuhusu mode ya Bukavu. Lala salama, Mama. Hii nayo ni karatasi, na kalamu iko mkononi mwangu, na idadi yetu kamili sijawahi kuiandika popote. Naiandika hapa chini, bila cheti.

Mimi binti yako Faida,
wa kwanza katika watoto wako watano